Nilichomwambia Adhiambo Nikimsuka

Wekesa mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuulizana hali, halafu mtu anasema yeye ni mzima, halafu ndipo anasema kilichomfanya ashike kalamu. Niliacha shule darasa la tano lakini hilo nalikumbuka. Sasa nitakuuliza hali vipi na chai tumekunywa pamoja asubuhi? Uko hapo holi. Nikisimama mlangoni nasikia ngoma yenu. Umesema mazoezi ya mwisho ya dansi yataisha saa kumi na mbili, kwa hivyo nina kama saa mbili, na mkono wangu si mwepesi, na kuna maneno yatakuwa yameandikwa vibaya. Usicheke. Au cheka, lakini usiache kusoma.

Habari ya masweta sitaandika. Ya kula, ya kulala, ya kushika pasipoti vizuri, hizo nimekuambia mpaka ukaniambia, "Mathe, nimeskia, hata mwenye duka ameskia." Haya ni mengine. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Jumanne ulipokuwa unapiga pasi nilikuja nikasimama nyuma yako, ukageuka ukaniuliza, "Nini, Mathe?" Nikakuuliza kama umeona kile kitana changu kikubwa. Na kitana kilikuwa mkononi mwangu! Ulicheka sana. Mimi nilienda kusimama jikoni.

Mdomo wangu ndio uliofanya haya nitakayokuambia, basi nimeupumzisha, nimeuachia mkono.

Jana majirani walipokuja kukuombea, uliniona nikitoka katikati ya maombi. Ulidhani nalia kwa sababu unaondoka. Ni kweli nalia kwa sababu unaondoka, nimekuwa nikilia kwa hiyo tangu viza itoke, ila jana haikuwa hiyo. Unakumbuka Baba Sharoni alivyosimama na soda yake?

"Weke, kijana wangu," akasema, "miezi mitatu ni ya wazungu. Wewe ukifika, potea. Potea kabisa!"

Watu wakapiga makofi. Mama Zuhura naye, "Mwambie! Nikimwona tena hapa mtaani Jericho namfukuza na mwiko." Wakacheka, ukacheka, hata mchungaji akacheka na Biblia iko wazi mkononi. Halafu Mama Zuhura akanigeukia: "Mama Wekesa, si useme kitu? Mwambie mtoto asirudi kutusumbua."

Hapo ndipo nilitoka. Kwa sababu hayo maneno niliyajua, Weke. Ni yangu. Niliwahi kuyasema mimi, na aliyeambiwa aliyasikia.

Ni mimi niliyemwambia Adhiambo asirudi.

Nimeyaandika hayo, nikaweka kalamu chini, nikaenda kuzima jiko ingawa halikuwa na kitu. Sasa nimerudi. Wacha nikueleze yote, usije ukadhani mama yako anajitwika makosa ya watu.

Unajua jinsi tulivyoishi na mama yake. Mlango kwa mlango. Yeye na samaki wake wa omena sokoni, mimi na kistuli changu cha kusukia kando yake, na nyinyi watoto mkila popote chakula kilipoiva kwanza. Wewe ulikuwa na miaka tisa Adhiambo alipokushika mkono akakupeleka holi kwa Mwalimu Kasimu ukajifunze dansi. Sikupenda. Hilo pia nikuambie, maana nimeamua kusema. Wanawake wa kanisa wakiniuliza uko wapi Jumamosi, nilikuwa nasema uko maktaba. Miaka minne, Weke! Watu wakakuombea uende chuo kikuu kwa jinsi ulivyopenda vitabu. Siku mlipocheza kwenye sherehe ya mtaa, Mama Zuhura akakuona juu ya jukwaa unajirusha, akaniambia, "Mama Wekesa, hiyo maktaba mnasoma kwa miguu?" Nilitaka ardhi inimeze. Sasa nacheka.

Basi wakati ulipofika, mkasikia kuna huo mpango wa kubadilishana, mchezaji wao anakuja kukaa kwetu na kufanya kazi na nyinyi, na mchezaji wetu anaenda kwao. Akaja Hanne kutoka Ubelgiji. Mama Adhiambo akampa kitanda chake, yeye akalala kwenye kochi wiki sita, na kila asubuhi Hanne akawa anamwamsha kumwomba warudi kila mtu mahali pake, na kila asubuhi wanagombana kwa ishara za mikono. Alipoondoka, Adhiambo naye akapangiwa kwenda kwao, na Hanne ndiye aliyetia sahihi kwamba atamkaribisha na kwamba Adhiambo atarudi. Na wewe ukaambiwa, mwaka unaofuata ni zamu yako. Ulikuwa na miaka ishirini. Nakumbuka ulivyokuja nyumbani mbio ukanibeba juu na ndoo yangu ya maji.

Siku moja kabla Adhiambo hajasafiri, nilimsuka. Nilikataa kabisa asiende kwa mtu mwingine. Nilimsuka rasta ndogo ndogo sana, kutoka asubuhi mpaka jua likashuka, nikisema moyoni hizi zitamfikisha miezi yote mitatu na arudi bado ziko nadhifu. Ni wewe unajua kazi yangu, umekulia kwenye mkeka ule. Mtu akikaa chini kusukwa, kichwa chake kiko katikati ya magoti yako. Umemshika. Hawezi kugeuka akuone uso, hawezi kuondoka maana nusu ya kichwa bado. Kila unalosema linaingia. Ndiyo maana wanawake hutuambia sisi wasusi mambo ambayo hawajamwambia hata mchungaji, na sisi tunajiona tuna akili, tunajibu.

Akaniuliza, "Aunti, nikuletee nini nikirudi?"

Nikamwambia, "Usirudi."

Akacheka. "Aunti bwana!"

"Sichezi na wewe. Unarudi kufanya nini? Kuuza omena? Miezi ikiisha, siku ya mwisho toka kama mtu anaenda dukani. Wenzako wamefanya hivyo na leo wana maisha."

Nikasuka kama mistari mitatu hivi. Halafu akauliza polepole, "Na Mwalimu Kasimu?"

"Mwalimu ni mtu mzima. Atasahau."

"Na Weke? Si yeye ndiye anafuata."

Mwanangu, hili ndilo limenikalia kifuani miaka sita. Nilimwambia, "Weke ni mtoto wangu. Hiyo niachie mimi."

Nilikuwa nadhani nampenda. Na nilimpenda, hilo si uongo. Lakini mimi niliona dansi kama nauli tu. Kitu cha kukufikisha mahali, halafu unashuka unaenda zako. Sikujua kwamba kwenu nyinyi ndiyo mahali penyewe. Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza.

Yaliyobaki unayajua, lakini hujui mimi nilikuwa wapi ndani yake. Siku Mwalimu Kasimu alipokuja na kofia mkononi, akasimama hapo mlangoni na kukataa kuketi, akasema Adhiambo alitoka nyumbani kwa Hanne asubuhi ya kurudi, kitanda kimetandikwa, ufunguo uko mezani. Akasema wenye mpango wameandika: holi yetu basi. Hakuna mwingine atakayeenda. Ulikuwa umeshika sahani. Uliiweka chini taratibu sana, ningependa ungeivunja. Ukasema, "Ametuuza." Na mimi, nikipakua ugali, nikajibu, "Ndivyo watu walivyo."

Nilisema hivyo. Naomba usome tena hapo, nisije nikaonekana nilikosea mara moja tu.

Na mama yake? Wazazi wa wale wachezaji wengine waliacha kununua omena kwake. Sokoni wanapita na pua juu. Jioni anakuja kwangu, anakaa kwenye kile kistuli, ananiuliza, "Mama Wekesa, mtoto wangu hakuwa na moyo huo. Nani alimwambia?" Nikawa namwambia asijisumbue. Nikamtengenezea chai. Chai nyingi sana, Weke, kwa miaka mitatu. Hata alipolazwa, nikimpelekea uji, alikuwa anauliza, na mimi napoza uji. Aliondoka bila kujibiwa.

Wewe ulikuwa unabeba mawe mjengoni mchana, jioni unaenda holi na mabega yamechubuka, na hukutaka jina la Adhiambo litajwe hapa ndani. Sikukulaumu. Ningekulaumu vipi?

Halafu mazishi. Kijijini kwao, Siaya. Nataka nikukumbushe, maana nadhani uliyaona kwa upande wako tu. Kwao, na kwetu pia ni hivyo hivyo, binti hafiki kimya kimya kwenye msiba wa mama yake. Anaanza kulia langoni. Anaingia mbio, mikono juu, anakicheza kile kilio, na wanawake wanampokea na kumfuata mpaka kwenye jeneza. Bibi mmoja, dada ya marehemu, akauliza kwa sauti watu wote wakasikia, "Mtoto wa huyu mama ataingia saa ngapi?" Ndipo nikampigia Adhiambo simu ya video. Alikuwa kazini, nyuma ya mkahawa ambako anaosha vyombo, bado ana aproni. Nikamwambia, "Niko langoni kwenu. Ingia."

Sijui nilipata wapi hiyo akili. Nilinyoosha mkono juu, simu mbele, nikaanza kukimbia. Na umri huu na magoti haya. Akapiga ukunga kule kwenye simu, sauti inakatika, inakuja, inakatika. Akaegemeza simu yake mahali, nadhani kwenye rafu, akawa anacheza. Sikuwa naona vizuri, nilikuwa nakimbia, lakini wale bibi waliona. Walimwona mabega tu na mikono, saa nyingine ukuta mtupu. Wakamwitikia. Wakafungua njia. Tukafika kwenye jeneza, nikainamisha simu ili amwone mama yake, na hapo hapo mtandao ukaganda. Uso wake ukasimama, mdomo wazi. Nilibaki nimeshika picha mbele ya maiti.

Wewe ulikuwa kando ya ua, umekunja mikono. Nilikutafuta kwa macho nikaona mgongo. Nikajua umegeuka hutaki kutazama. Nikasema leo nitamwambia. Tukapanda gari kurudi Nairobi, ukalala begani kwangu mpaka tukafika, na sikukuamsha.

Wiki moja baadaye Adhiambo alinipigia. Nikaanza, nikamwambia, "Mwanangu, ni mimi." Akanikata. "Aunti, usimwambie mtu. Miguu ilikuwa yangu." Nikamuuliza kama anacheza. Akasema anacheza jikoni wenzake wakitoka, kidogo, ili asisahau. Hana karatasi za kukaa wala za kwenda. Akitoka hawezi kurudi ndani, na akibaki hawezi kusimama jukwaani mahali ambapo mtu atamuuliza jina lake kamili. Sikuambii haya ili umwone amepotea. Ana chumba chake, ana marafiki, anacheka bado kile kicheko. Nakuambia kwa sababu mimi ndiye nilimwambia kule kuna maisha, na sikujua hata ninaongelea nini.

Sasa utaniuliza, kwa nini leo? Umenyamaza miaka sita, si unyamaze miezi mitatu mingine?

Ni kwa sababu ya dansi yako. Mwezi uliopita uliponiita holi kutazama hiyo unayoipeleka. Mimi nilikaa mbele, nimevaa kitambaa changu kizuri, nasubiri utokee jukwaani. Ukaingia kwa mlango mkubwa, nyuma ya watu. Mbio. Mdomo wazi na hakuna sauti. Na mkono mmoja juu, kiganja kimelala, kinatetemeka kama kimebeba kitu kinachoweza kumwagika. Msichana nyuma yangu akanong'ona, "Ni kama amebeba trei." Mwenzake akasema, "La, ni mtoto."

Mimi nilijua ni nini. Ulikuwa mkono wangu. Hata lile goti la kulia ninalovuta, umeliweka. Kumbe uligeuka baadaye. Kumbe uliona yote kwanza.

Nikakaa pale nikikutazama ukinibeba kutoka mlangoni mpaka jukwaani, na ukifika ukaganda, mdomo wazi, muda mrefu mpaka mtu akakohoa. Mwalimu Kasimu alikuwa analia wazi wazi. Alifikiri nami nalia kwa uzuri wa mchezo wako. Na ni mzuri, Weke. Sijasoma lakini najua kitu kizuri. Ila nilijiambia, mtoto huyu ataenda kuuonyesha huu mkono kwa watu wa mbali, na hajui ulikuwa unafanya nini pale. Anadhani ulikuwa wa huruma. Haukuwa wa huruma peke yake. Ulikuwa mkono wa mtu aliyemfungia binti nje ya lango, halafu anajaribu kumpitisha kwenye simu.

Kwa hivyo chukua na hiyo. Kama itakuharibia dansi, nisamehe. Mwenyewe utajua pa kuiweka.

Nilikuwa nimepanga barua hii niifiche ndani ya begi, katikati ya masweta, uikute huko ukishafika. Nikaona huo ni ujanja ule ule. Ni kama kukushika kichwa usiweze kugeuka. Wewe utaisoma ukiwa umekaa kwenye kiti, miguu iko chini, mlango uko wazi, na mimi niko karibu unaweza kuniambia lolote. Huenda ukishasoma hutataka niende nawe uwanja wa ndege kesho. Nitaumia, lakini sitasema kitu. Baba yako sijamwambia bado. Wewe ndiye wa kwanza, na akitoka kazini leo atakuwa wa pili, na Jumapili nitaenda kwa Mwalimu Kasimu nikae kwenye kiti chake nimwambie yeye, maana amekuwa akiandika barua za kuomba msamaha miaka yote hii, mpaka wenye mpango wakakubali tena, kwa kosa ambalo aliyelitenda anaishi hatua chache kutoka kwake na anamsalimia kila siku. Na huyo Hanne, ambaye alitiwa aibu na bado amekubali kukupokea, mwambie kwa lugha yoyote mtakayoelewana kwamba hakudanganywa na Adhiambo peke yake.

Pembeni ya barua utaona leso ya kahawia yenye maua. Ni ya Mama Adhiambo. Siku ya mazishi wale bibi waliiweka mikononi mwangu wakasema ni ya binti, imfikie. Nimeiosha kila Krismasi na kuikunja tena. Adhiambo anakaa mji mwingine, amesema ni saa moja kwa treni kutoka utakapokuwa. Ukikubali kumpelekea, iweke kwenye begi. Usipotaka kumwona, iache hapo mezani, nitaitafutia njia nyingine na sitakuuliza.

Sasa la kurudi. Juzi niliwaona wale wawili wanaokufuata kwa zamu, Fatuma na yule kijana mrefu, wakifanya mazoezi nje ya holi kabla haijafunguliwa. Fatuma anahesabu kwa sauti kama ulivyokuwa unahesabu wewe. Hawajaniambia kitu, wala sijawauliza. Niliwatazama tu, nikapita.

Mimi nataka urudi. Nimesema, na sitasema tena, si kwa simu, si kwa kumtuma mtu. Ukipata huko kazi ya halali, ukakaa kwa mlango wa mbele na watu wanajua jina lako, hiyo ni nyingine, nitakuelewa. Uamuzi ni wa miguu yako, na safari hii mtu mwenye kitana hayuko nyuma yako. Ila nijue jambo moja tu: kwamba siku nikiugua, au siku ya kucheka, ukitaka kuingia kwa mlango huu unaweza kuingia mwenyewe, mzima mzima, na vumbi lako. Nishambeba mtoto mmoja kwa simu. Mkono huu hauwezi mara ya pili.

Ngoma imenyamaza. Mtakuwa mnaagana. Naiweka barua chini ya kikombe chako, mkate uko kwenye sahani, nyingine imefunika juu yake, na chai iko kwenye thamosi. Mimi nitakuwa nje kwa bomba, nafua yale mataulo ya nywele, nimeyaacha makusudi yawe mengi. Soma polepole. Ukimaliza, toka nje. Kama umekasirika, toka hivyo hivyo umekasirika, usisubiri ipoe.

Niko hapa nje.

Mama yako